Kijito cha Carama na Tope la Jumamosi

Chupa ya kuchotea maji haioshwi kwa sabuni ya unga. Naanza na hilo, wanangu, kwa sababu wengi wenu mnaoingia kwenye kazi hii mmelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri akiona chupa ina ukungu hukimbilia sabuni. Msikimbilie. Sabuni za namna hiyo mara nyingi zina fosfori, na fosfori ndicho kitu chenyewe tunachokwenda kukitafuta mtoni. Ukichotea chupa hiyo, utarudi maabara na habari za beseni lako, siyo za mto. Suuza chupa kwa maji ya mto wenyewe unaokwenda kuupima, yamwage upande wa chini yako, rudia tena, kisha ndiyo uchote.

Tulikuwa na dereva aitwaye Nestori, Mungu amzidishie afya, mtu msafi kupita kiasi. Ndani ya gari lake ungeweza kuandaa pilau sakafuni. Alipojiunga nasi alitaka kusaidia, basi akazibeba chupa zote hadi kwake, mtaa wa Nyakabiga, akazisugua kwa sabuni ya unga mpaka zikang'aa. Siku ile hata maji ya bomba tuliyokuwa tukiyatumia kwa kulinganisha yalitoa rangi ya bluu iliyokolea. Katika kipimo chetu, bluu ikikolea maana yake fosfori ni nyingi. Shefu Deo, mkuu wa maabara yetu, alizitazama zile chupa, akavua miwani, akazitazama tena, kisha akainusa moja.

"Nestori," akasema, "hii chupa inanukia muzuri. Inanukia kama shati yako."

"Merci, Shefu," Nestori akajibu, akidhani amesifiwa.

Tulicheka mpaka tukashika meza. Lakini kazi ya siku nzima ilimwagwa, na tangu hapo kila kipimo kilipotoka cha ajabu, mtu wa kwanza kuangaliwa usoni alikuwa Nestori.

Mimi ni Rahma, binti wa duka. Ukoo wetu ni Waarabu wa zamani wa mji huu, na baba yangu aliuza vitambaa kama babu yangu alivyouza. Mimi nikapenda hesabu na vichupa. Baba hakunikataza, ila alinitania mpaka siku zake za mwisho. "Babu yako alivuka ziwa zima na majora ya nguo," alikuwa akisema mbele ya wateja. "Wewe umevuka barabara tu, ukakutana na mtaro ukaupenda." Nami namjibu kila mara kwamba mtaro haukopi kitambaa. Alhamdulillahi, nimestaafu sasa, viatu vyangu havina tena tope, na nikiulizwa kama ningechagua kazi nyingine nasema hapana bila hata kufikiri.

Nini tulichokuwa tukikitafuta? Watu wakisikia neno uchafu hufikiria kitu kinachonuka. Sisi tulikuwa tunatafuta chakula. Azoti, ambayo wengine huiita nitrojeni, na fosfori ni chakula cha mimea. Ndivyo vinavyokuza mahindi yako, na ndiyo sababu mkulima hutia samadi. Shambani ni baraka. Vikishuka mtoni vikafika ziwani, vinamlisha usiyempanda: vijimea vidogo vya kijani vinavyoelea, visivyoonekana kimoja kimoja, lakini vikishiba vinageuza maji ya ufukweni kuwa uji. Vikifa vinazama, vinaoza, na kuoza kwake kunamaliza hewa ndani ya maji. Samaki wenye miguu ya kukimbia wanakimbia, kama nilivyokuwa nikiwaambia watoto wa shule, na wasio nayo wanabaki tumbo juu.

Hao wawili, azoti na fosfori, wana tabia tofauti, na msipoijua mtadanganywa. Fosfori hupenda kubebwa. Inang'ang'ania chembe za udongo, inasafiri na tope, kwa hiyo mvua ikipiga na mto ukawa wa kahawia, ujue imepanda gari. Azoti ikishayeyuka haihitaji tope wala nini. Inapita ndani ya maji meupe unayoyaona mazuri ya kunywa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilishawahi kumwona kijana mwenye diploma yake akiyaacha maji ya chemchemi kwa sababu yalikuwa safi machoni, na yalipopimwa ndiyo yaliyokuwa na nitrati, yaani azoti iliyoyeyuka, kuliko yote ya siku ile.

Tena mkumbuke kwamba mto na ziwa si kitu kimoja. Mto ukiuchafua leo ukaacha, mvua kadhaa zitausafisha. Ziwa letu, Tanganyika, haliko hivyo. Lina kina cha kutisha, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, huko upande wa Kongo. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka. Kingine kinalala chini, halafu upepo wa kiangazi unapovuma kutoka kusini, ziwa linatikisika na baadhi ya kile kilicholala kinapanda tena. Ndiyo maana tulihangaika hata na vijito vidogo ambavyo mtu anaviruka kwa hatua moja.

Kimoja cha vijito hivyo kilipita pembezoni mwa mtaa wa Carama, mahali nyumba zinapoisha na bustani zinaanza, kikashuka nyuma ya mtaa wa Cibitoke, kikaenda mpaka ziwani. Hapo ndipo nilipomjua Mama Neema.

Mama Neema alitoka upande wa Uvira, huko Kongo, akiwa na watoto wake, vita vikiwa nyuma yake. Alikodi kipande cha ardhi kando ya kijito, akalima lengalenga, yaani mchicha, vitunguu na biringanya, na kila asubuhi alipeleka beseni lake sokoni Cibitoke. Bustani yake ilikuwa ya kwanza na kubwa kuliko za jirani zake. Ukingoni kabisa mwa maji aliweka rundo la samadi ya ng'ombe, refu kuliko mimi, na alilipenda rundo hilo kama mwingine anavyopenda sebule yake.

Mwaka ule mdomo wa kijito, pale kinapoingia ziwani, ulikuwa kijani. Wavuvi wa karibu walilalamika kwamba nyavu zinatoka na utelezi, na ufukwe ulinuka. Kiongozi wa mtaa akatuuliza maabara: hiki kitu kinatoka wapi? Na akasema wazi kwamba ikiwa kinatoka kwenye bustani, bustani zote za kando ya kijito zitang'olewa kabla mvua hazijakolea.

Tulikuwa tunachota sehemu mbili. Chupa ya kwanza juu ya bustani, kule maji yanakotoka, ya pili kwenye daraja la Cibitoke. Ya juu ilitoa bluu hafifu, karibu hakuna. Ya darajani ilikuwa bluu nzito, na si mara moja, kila tulipokwenda. Na katikati ya chupa hizo mbili kuna nini? Kuna rundo la Mama Neema, linaonekana hata ukiwa garini. Kiongozi wa mtaa alipompigia simu Shefu Deo, Shefu akasema, kwa mdomo tu, kwamba inaelekea ni bustani. Alisema "inaelekea". Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na neno lile lilifika Carama bila "inaelekea" yake.

Tulipokwenda safari iliyofuata Mama Neema alikuwa ametusubiri njiani, mikono kiunoni.

"Tantine, munaandika jina yangu ku lac, ku hii ziwa?"

"Jina gani tena, Mama Neema?"

"Batu bote banasema ni mi naharibisha lac. Mi, na ka-bustani kangu? Lac yote ile?"

"Bado tunapima, mama. Haijaisha."

"Basi mupime mbio. Mukubwa ya kartie anasema batangoa yote mbele ya mvua. Batoto yangu batakula nini? Batakula vipimo?"

Nilijifanya nashughulika na kifuniko. Maneno yale yaliniuma, na yaliendelea kuniuma mpaka nyumbani, maana nilikuwa nimeshanunua biringanya zake mara nyingi na nilijua anavyozipenda.

Sasa hapa niwape darasa moja kabla sijaendelea. Ukiingia mtoni simama ukitazama juu, kule maji yanakotoka, na mdomo wa chupa uelekee hukohuko. Miguu yako inatimua tope, na tope la miguu yako lisikuingilie kwenye chupa. Halafu ziweke chupa kwenye barafu haraka. Barafu tuliinunua kwa wauza samaki, na kwa hiyo kasha letu lilinuka ndagala mwaka mzima. Paka wa pale maabara walilijua gari letu kwa mlio. Siku hizi nyinyi mna vijifriji vya kuchomeka kwenye gari, na mashine inayosoma rangi na kuwapa namba. Sisi tulisoma kwa macho, tukilinganisha vichupa karibu na dirisha, na Shefu Deo hakukubali rangi isomwe jioni. "Jioni kila kitu iko bluu," alikuwa anasema. Nimeona pia picha za setilaiti kwenye simu ya binti wa kaka yangu, ziwa zima likionekana na doa la kijani pale kaskazini. Nzuri sana. Ila picha haikuambii ni mtaro upi.

Kwa nini tulikuwa tunachota Jumamosi asubuhi? Nawaambia kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Mnajua Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja. Kila mtaa unatoka na majembe na mafagio, mitaro inazibuliwa, na magari hayatembei mpaka watu wamalize, isipokuwa yenye kibali. Sisi tulikuwa nacho, kimebandikwa kwenye kioo. Mafuta ya gari yalikuwa haba, tukiruhusiwa safari moja kwa wiki, na Shefu Deo aliona Jumamosi ni zawadi. Barabara tupu! Tulitoka Carama mpaka ziwani bila kupiga honi, na barafu ikafika maabara bado ni barafu. Tulijiona wajanja. Watu walioinama mitaroni walitupungia mkono, na wengine wakatutania, "Bakubwa ya maji, mushuke nanyi mupate jasho!" Nasi tukapunga.

Basi, Jumamosi moja tukasimamishwa pale Cibitoke na polisi kijana, mpole, mwenye adabu.

"Kibali iko wapi?"

Nestori akanyoosha kidole kwenye kioo. Kioo kilikuwa kinang'aa. Hapakuwa na kibali wala alama ya gundi.

"Nestori," Shefu akauliza polepole, "umefanya nini?"

"Ilikuwa imekuwa ya njano, Shefu. Inachafua kioo. Niliitoa na wembe na sabuni. Lundi, ofisi ikifunguliwa, ningetia mupya."

Yule polisi alijitahidi asicheke. "Basi mushuke, bakubwa. Leo mutafanya na sisi."

Wanangu, Shefu Deo alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi mstari. Mama mmoja mwenye sauti, aliyekuwa akiongoza kikosi cha mtaro ule, alimtazama juu hadi chini, akampa beleshi. Mimi nikapewa toroli. Nestori akapewa fagio, na kwa kweli alifurahi.

Shefu hakuwa mgeni wa jembe, alizaliwa milimani. Aliingia mtaroni na kuanza. Mtaro wa mjini unabeba maisha yote ya watu: maji ya kufulia, maji ya kuogea, majivu, mabaki ya jikoni, kinyesi cha mbuzi, na vyoo vikijaa navyo vinatoa salamu zake. Vyote hivyo hukaa wiki nzima vikigeuka tope jeusi. Na siku ya Jumamosi, mtaa mzima kwa moyo mmoja hulitoa lile tope na kulisukuma kuelekea mdomo wa mtaro, kijitoni. Nani angewalaumu? Mtaro lazima uzibuke, la sivyo mvua inaingia vyumbani.

Shefu alijaza beleshi, akatupa. Akajaza, akatupa. Nami nikamwaga toroli yangu palepale alipotupa yeye, tena kwa kasi, maana yule mama alikuwa anatuangalia. Mara nikaona Shefu amesimama, beleshi liko hewani, tope linadondoka kwenye suruali.

"Rahma."

"Abee, Shefu."

"Daraja yetu iko wapi?"

Nikanyoosha mkono. Lilikuwa palepale chini yetu. Ungetupa jiwe ukalipata.

"Na sisi tunakuja kuchota wakati gani?"

"Wakati huu huu, Shefu."

"Mana yanje," akamwita Mungu kwa lugha ya kwao milimani, akaliteremsha beleshi taratibu.

Yule mama nyuma yake hakupenda. "Papa, umesha choka? Tope haijitoe yenyewe!"

"Apana, mama," Shefu akamjibu, "sijachoka. Mi na hii tope tunafahamiana zamani."

Mimi nilicheka, kisha kicheko kikanikatika, kwa sababu nilimkumbuka Mama Neema. Kila Jumamosi tulichota maji ya darajani saa ileile mji mzima unapomimina tope lake hapo juu tu ya daraja, na sisi, kwa kuwa tulikuwa na kibali, hatukuwahi kushika beleshi hata siku moja tukajua linakwenda wapi.

Shefu aliomba mafuta ya safari nyingine kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake. Tukaenda siku ya katikati ya wiki, na safari hii tukaweka chupa ya tatu, kati ya bustani na mitaro ya Cibitoke. Shikeni hilo: palipo na chupa mbili zinazogombana, weka ya tatu katikati. Kipimo kikatoka. Chupa ya tatu na ya darajani, zote bluu hafifu. Tukamwangalia Nestori. Akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakuzigusa. Tukarudi tena siku nyingine ya kazi, ikawa vilevile. Halafu Jumamosi tukachota pale mdomoni mwa mtaro wenyewe, na rangi yake ilikuwa nzito hata sikuweza kuona kidole changu upande wa pili wa kichupa.

Ningependa niishie hapo, Mama Neema amepona na sisi tumefurahi. Lakini mvua ya kwanza ilinyesha alasiri moja, na sheria yetu ni kwamba mvua ikianza, wengine wanakimbilia nyumbani na sisi tunakimbilia mtoni. Tulifika Carama tumelowa chapachapa. Kijito kilikuwa cha kahawia, na kutoka kwenye rundo la samadi kilikuwa kinatiririka kijimfereji cheusi, moja kwa moja majini. Chupa ya tatu siku ile ilitoka bluu nzito. Siyo kama ya mtaro, lakini nzito. Nawaambia kweli, nilitamani tusingeenda.

"Kipimo haina huruma," Shefu akasema. "Lakini sisi tuko nayo. Twende tumwambie."

Tukamkuta anapanga mawe ili matuta yake yasichukuliwe na maji. Shefu alimweleza yote, hata habari ya beleshi, na Mama Neema akacheka kidogo kusikia habari ya suruali. Kisha akamweleza la pili: rundo lihame, lipande juu kwenye tambarare, lifunikwe, na ukanda wa ardhi kando ya maji uachwe bila kulimwa, upandwe mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Mizizi yake inashika tope, na majani yake yanakula ile mbolea kabla haijafika majini. Kicheko kikaisha.

"Ile ya karibu na maji? Ile njo udongo ya muzuri. Pale simwangilie maji. Ile njo inalipaka minerval ya Neema ku shule."

"Najua, mama," Shefu akasema.

"Ujue nini? Na bale ba Cibitoke, na mabeleshi yabo, bale bataacha nini?"

"Nitawaambia mbele ya watu, mu mkutano."

Mama Neema akajifuta mvua usoni. "Bon. We anza kuwaambia. Ukisha wa'ambia bo, mi ntaacha."

Nilimwona Shefu ameingiwa na woga, na sikumshangaa. Kwenda kusimama mbele ya mtaa na kusema kwamba kazi yao ya Jumamosi, wanayoifanya bure na wanajivunia, ndiyo inayolisha ule uji wa kijani? Tena yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amesema ni bustani. Njia nzima alifanya mazoezi garini. Nestori alijifanya kiongozi wa mtaa na kumuuliza maswali makali, mpaka Shefu akamwambia aendeshe gari na aache uongozi.

Mkutano ulikuwa Jumapili mchana, kwenye uwanja wa shule pale Cibitoke. Watu walijaa. Mama Neema alifika akiwa na beseni kichwani, akaketi pembeni, akaliweka miguuni. Ndani yake mlikuwa na miche ya biringanya, ameing'oa na mizizi yake na udongo, imefunikwa kwa jani la mgomba. Nikamsogelea.

"Mama Neema, hii ni nini?"

"Walisema wakisha ongea hapa, wanaenda kungoa. Mi sitangoja bangoe. Nimengoa mi mwenyewe. Kama ni apana, naenda nazo kwa dada yangu."

Alisema hivyo bila kunitazama. Miche ilikuwa imeanza kusinyaa kwa jua. Nilivuta kitambaa changu cha begani nikakiweka juu ya beseni, akaniacha.

Shefu alipoitwa, alisimama bila karatasi. Akasema alikosea pa kuanzia. Akasimulia jinsi alivyoshikishwa beleshi, tope alilotupa kwa mikono yake mwenyewe, na mahali lilipokwenda. Watu wakaanza kunong'ona, na kiongozi wa mtaa akainua mkono.

"Shefu, tujibu tu. Nani anaharibu ziwa?"

"Sisi wote, Samedi asubuhi, mu kazi ya pamoja," Shefu akasema. "Na mi nilikuwa na beleshi."

Wengine wakacheka, wengine wakakunja uso. Mzee mmoja akasimama kwa hasira. "Sasa tuache kusafisha? Maji ituingilie mu nyumba?"

"Apana, mzee. Musafishe, tena sana. Ila tope ipande juu, isishuke. Tuirundike pakavu, mbali na maji."

Yule mama wa kikosi cha mtaro, aliyempa Shefu beleshi, akapaza sauti kutoka nyuma. "Kuko kiwanja ya juu ya shule. Na toroli tuko nazo. Huyu papa atasukuma ya kwanza!" Uwanja mzima ukacheka, na hapo nikajua mambo yamelainika.

Kisha Shefu akasema na la mvua. Hakulificha. Akaeleza rundo, akaeleza ukanda wa kando ya maji, na akasema kwamba mwenye bustani ameshakubali kuuacha, ikiwa watu wa mitaro nao wataacha la kwao. Kila mtu akageuka kumtazama Mama Neema. Yeye alikuwa anatazama beseni lake tu.

Kiongozi wa mtaa aliongea na wazee waliokuwa karibu naye, kisha akasema bustani zitabaki. Rundo lihame, mabingobingo yapandwe, na Jumamosi tope lipande kiwanjani. Akaendelea kutaja nani atasimamia nini, lakini Mama Neema alikuwa ameshasimama, beseni kichwani.

"Mama, mkutano haijaisha," mtu akamwambia.

"Kwenu. Kwangu jua inachoma miche."

Akaondoka. Shefu alivumilia mpaka ikawa si utovu wa adabu kuondoka, kisha tukaingia garini tukamfuata mpaka Carama. Tulimkuta ameinama, anarudisha mche mmoja mmoja ardhini, na watoto wake wanabeba maji kwa vikopo. Hakutusalimia. Alisogeza tu beseni likawa katikati yetu. Nestori akatandika gazeti chini kabla ya kupiga magoti. Mimi nikachukua miche yangu. Shefu Deo naye akachukua wa kwake, akatafuta pa kuupanda, akaona pale ukingoni ambapo udongo ni mweusi na laini, akaanza kufukua kwa vidole.

Mama Neema akamshika mkono.

"Apana pale, Shefu," akasema. "Pale ni ya mabingobingo."